Una wafanyakazi watano sita hivi? Fanya haya kabla hujaletewa karatasi ya CMA

Wifi yangu ana mgahawa Morogoro, wafanyakazi sita, chakula kitamu na mdomo mkali. Mwaka juzi keshia wake alipata shoti (hela pungufu kwenye droo) mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, wifi akapandwa na hasira akamtumia meseji saa nne usiku: "Kesho usije, mimi na wewe basi." Akalala usingizi wa pono. Wiki tatu baadae ananipigia, "Wifi, nimeletewa karatasi imeandikwa Fomu Namba Moja, hii ndo polisi au?" Sio polisi, ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wote tunaiita CMA, na keshia alikuwa ndani ya muda kabisa kwasababu mtu anayelalamika kuachishwa kazi kionevu ana siku 30 za kupeleka shauri (madai mengine kama mshahara au likizo ana siku 60).

Mimi ni mhasibu wa kujitegemea, nafunga mahesabu ya watu wenye biashara ndogo, sio wakili, ila hiyo kesi tulienda nayo mpaka usuluhishi tukamaliza kwa kumlipa mishahara ya miezi minne. Na keshia alichukua hela kweli, risiti niliziona kwa macho yangu. Haikusaidia kitu. Tangu hapo kila mteja wangu mwenye wafanyakazi nampitisha kwenye hizi hatua. Ni za Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni zake. Ukitafuta nakala tafuta yenye marekebisho ya 2025, zile PDF za zamani zinazozunguka kwenye magrupu achana nazo.

Hatua ya 1: Usajili

NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), PAYE (kodi ya mshahara) huko TRA, WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), OSHA (usalama mahali pa kazi). Haya yote yanafanyika mtandaoni, sitakaa hapa. NSSF jumla asilimia 20, ya mfanyakazi haizidi 10, inayobaki ya kwako. WCF ni asilimia 0.5 ya mishahara yote na ni yako peke yako, usimkate mtu. PAYE haianzi mpaka mshahara uvuke 270,000 kwa mwezi, na tarehe 7 ya mwezi unaofuata ndo mwisho. SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) haikuhusu mpaka ufikishe wafanyakazi 10. Kima cha chini kinatofautiana kwa sekta, kwahiyo angalia sekta yako kwenye amri ya mshahara, usimuulize jirani mwenye saluni wakati wewe una hoteli.

Hatua ya 2: Mkataba, na uwe wa Kiswahili

Usidauniloodi mkataba wa Kenya au Afrika Kusini ukabadilisha jina. Nimeshaona mkataba wa muuza duka wa Morogoro unasema mgogoro utapelekwa mahakama ya Nairobi. Andika mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha: jina, umri, jinsia, anuani ya kudumu, mahali alipoajiriwa, kazi yenyewe ni ipi, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na unavyokokotolewa, na stahili zingine. Asaini, umpe nakala, na ya kwako uitunze miaka mitano baada ya yeye kuondoka.

Usipokuwa na maandishi, siku ya kesi mzigo wa kuthibitisha unakuwa kwako. Yeye akisema tulikubaliana laki tano, wewe ndo unatakiwa uonyeshe kwamba sio laki tano. Utaonyesha na nini?

Hapo kwenye "mahali alipoajiriwa" watu wanaharakisha, wanaandika tu mji wa biashara. Rudi hapo baadae kwenye hatua ya mwisho, utaelewa kwanini nalisema.

Halafu hii habari ya "mimi sina wafanyakazi, nina vibarua tu". Mtu anakuja kila siku miaka miwili, anavaa aproni yako, anapangiwa zamu na wewe, huyo ni mfanyakazi hata kama unamlipa jioni jioni. Sheria inamhesabu kuwa mwajiriwa hata kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu. Na mkataba wa mwaka mwaka nao sio wa kumpa kila mtu, ile sheria ya 2004 iliuweka kwa wataalamu na kada ya uongozi, marekebisho yakaongeza makundi mengine, kwahiyo soma orodha kabla ya kumpa mpishi mkataba wa miezi sita sita kwa miaka mitano.

Hatua ya 3: Daftari la mahudhurio

Kauntabuku. Sio app. Kuna vijana wanauza app za kuingia kazini kwa alama ya kidole, sawa, umeme ukikatika au simu ikiibiwa ushahidi wako umeondoka nao. Kauntabuku yenye mistari, jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini yake mwenyewe kwa mkono wake. Basi.

Kawaida ni saa 45 kwa wiki, siku zisizozidi sita, saa tisa kwa siku. Saa 9 mara siku 6 ni 54, hapo ndo wengi wanapoteleza bila kujua, hizo 9 zilizozidi ni ovataimu. Ovataimu ni mara moja na nusu, na isizidi saa 50 kwa wiki nne. Sikukuu, au siku yake ya mapumziko ukimwita, mara mbili. Kazi ya usiku, yaani saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, unaongeza asilimia 5.

Kupata ya saa moja: mshahara gawa kwa (4.333 mara 45), ambayo ni kama 195. Mshahara wa 390,000 unakupa 2,000 kwa saa, ovataimu 3,000. Na lipa mshahara kwa benki au M-Pesa. Kwenye bahasha hapana, hata kama anasaini, kila kesi ya bahasha niliyoiona saini ilikanwa.

Hatua ya 4: Likizo

Siku 28 kwa mwaka, ni siku za mfululizo na sikukuu zinazoangukia humo ndani zinahesabika. Uzazi siku 84, mapacha 100. Baba siku 3 ndani ya wiki ya kuzaliwa mtoto. Msiba siku 4. Ugonjwa siku 126 kwa mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza mshahara kamili, 63 nusu. Fomu ya likizo isainiwe, iwekwe kwenye faili. Imeisha.

Hatua ya 5: Shoti

Huwezi kukata tu. Ili umkate hasara lazima awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake, umempa nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wifi alikuwa anakata yote kwa mkupuo mwisho wa mwezi, na keshia aliyakumbuka moja moja kwenye fomu yake, kwa tarehe.

Hatua ya 6: Kumwachisha kazi

Haya, vuta kiti.

Kwanza, chini ya miezi sita mfanyakazi hawezi kulalamikia uachishaji usio halali, ila notisi bado unampa. Baada ya hapo unahitaji vitu viwili kwa pamoja, sababu halali NA utaratibu wa haki. Wifi alikuwa na cha kwanza. Ile sheria ya 2004 fidia iliianzishia mishahara ya miezi 12, ndo maana miezi minne kwenye usuluhishi niliona tumepona.

Utaratibu uko kwenye Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zinaitwa pia GN 42 (Tangazo la Serikali Namba 42). Mimi nafanya hivi. Siku ya tukio unakusanya karatasi: risiti, kufunga kwa siku, nani alikuwepo. Unaweza kumsimamisha wakati unachunguza lakini kwa mshahara kamili, rudia tena, KAMILI. Halafu barua ya kujieleza. Akijibu na hujaridhika, barua ya kumwita kwenye kikao cha nidhamu, imempata angalau saa 48 kabla, inataja kosa, siku, saa, mahali, na inamwambia ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Asaini kupokea. Akikataa kusaini, mtu mwingine aliyeshuhudia anaandika "amekataa kusaini" na kusaini yeye.

Sasa kosa unaliandikaje, hapa nilipoteza Jumamosi nzima na mteja mwingine wa hardware. Yeye alitaka iandikwe WIZI, kwa herufi kubwa. Nikamwambia ukiandika wizi utatakiwa uthibitishe wizi, kwamba huyu alichukua, na sio kwamba hela haipo tu. Wewe una nini? Una droo yenye upungufu wa 180,000, na droo ina funguo mbili, ya pili anayo mkeo. Tukaandika, tukafuta, mwisho tukaweka kilichothibitika kwa karatasi: hakufunga hesabu siku nne mfululizo kama utaratibu uliosainiwa unavyotaka, na upungufu umetokea akiwa kwenye zamu. Andika kile unachoweza kukionyesha. Na barua ya mwisho ya kumwachisha ibebe kosa lilelile, usimshtaki kwa upungufu halafu barua iseme "utendaji usioridhisha". Utendaji una njia yake, unatakiwa umwambie anapungukiwa wapi na umpe muda wa kujirekebisha. Kupunguza wafanyakazi kwasababu biashara imeyumba nako kuna njia yake, taarifa na mashauriano kwanza. Njia tatu, usizichanganye.

Polisi je? Watu wengi wanakimbilia huko kwanza, wanaona ndo ukali. Angalia: akishashtakiwa mahakamani kwa kosa hilohilo, sheria inakuzuia kumpa adhabu au kumfukuza kwa kosa hilo mpaka kesi na rufaa ziishe. Inaweza ikawa miaka, na bado ni mfanyakazi wako. Sisemi usiripoti wizi, nasema jua unafunga mlango gani. Na ile ya "andika barua ya kuacha kazi au nakupeleka polisi" ndo mbaya kuliko zote, hiyo CMA wanaiona ni wewe umemwachisha.

Kikao chenyewe kinahitaji mwenyekiti ambaye hakuhusika. Kwenye mgahawa wa watu sita wewe ndo uliyekamata, wewe ndo shahidi, wewe ndo bosi, sasa utakuwaje na hakimu? Tafuta mtu wa nje mwenye heshima zake, mimi huwa namwomba meneja wa biashara ya mteja mwingine. Mume wako hapana. Mchungaji wako pia hapana, ingawa kuna mtu aliniletea. Wewe unaleta ushahidi, mfanyakazi anauliza maswali, analeta mashahidi wake, na akikutwa na kosa apewe nafasi ya kusema kwanini adhabu ipungue: miaka aliyofanya kazi, hajawahi kupewa onyo, na kadhalika. Mtu mmoja aandike kila kitu, kila mtu asaini kila ukurasa. Uamuzi uwe wa maandishi wenye sababu, na umwambie ana siku 5 za kazi za kukata rufaa ndani ya ofisi.

Na adhabu sio lazima iwe kufukuza. Shoti ya kwanza ni onyo la maandishi, linaishi miezi sita. Wifi aliniapia kwamba alishamwonya keshia mara mbili. Kwa mdomo, jikoni, mbele ya sufuria.

Hatua ya 7: Malipo ya mwisho

Notisi siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au unamlipa badala yake. Likizo ambayo hajaenda. Mshahara wa siku alizofanya kazi. Kiinua mgongo kama amefikisha mwaka, siku 7 za mshahara kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka 10, isipokuwa kama ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Mshahara wa siku kwa anayefanya kazi siku sita unagawa kwa 26, sio 30, nimeshabishana na wahasibu wenzangu hapa (4.333 mara 6, piga mwenyewe). Mshahara wa 390,000 ni 15,000 kwa siku, mara 7 ni 105,000, miaka mitatu 315,000.

Halafu nauli. Keshia wa wifi alitolewa Singida, shangazi yake ndo alimtafutia kazi, na wifi mwenyewe alimtumia hela ya basi. Kwahiyo mahali alipoajiriwa ni Singida, na ajira ikiisha mwajiri anamrudisha na mizigo yake, na zile siku anazosubiri usafirishwe anadai posho ya kujikimu. Kila siku. Wifi alikuwa anadhani kumnyima nauli ni kumkomoa, kumbe mita ilikuwa inatembea. Ile miezi minne, sehemu yake kubwa ilitoka hapo.

Mpe na cheti cha utumishi: jina, kazi aliyofanya, tangu lini mpaka lini. Hata kama mmeachana vibaya ni haki yake.

Wifi sasa ana kauntabuku mbili na faili la kila mtu, na meseji za usiku ameacha, au angalau ananitumia mimi kwanza. Keshia mpya kaajiriwa hapohapo Kihonda, Morogoro, nimemwandikia kwenye mkataba kwa kalamu nyeusi. Nauli ya kumrudisha ni ya daladala.