Viazi Vidogo Vilivyobaki Ghalani Si Mbegu

Kila mvua zikikaribia, hadithi ni ile ile. Mkulima anachambua viazi vidogo vilivyokosa mnunuzi, au anachukua debe mbili kwa jirani, na kuvipanda vikiwa bado na udongo. Anaona ameokoa pesa, kumbe amejipandia minyoo.

Nematodi huyu wa viazi, yaani mnyoo mdogo sana anayeshambulia mizizi, aliripotiwa Kenya mwaka 2015, katika kaunti ya Nyandarua. Jina lake la kitaalamu ni Globodera rostochiensis. Mwaka 2018 ikaripotiwa jamii yake ya pili, Globodera pallida. Jike akifa, ngozi yake hukauka ikawa kifuko kigumu cha takriban nusu milimita, na ndani yake mna mayai 200 hadi 500. Kifuko hicho huweza kukaa udongoni miaka 20 na zaidi, mayai yakisubiri kemikali inayotoka kwenye mizizi ya viazi, nyanya au mbilingani ndipo yaanguliwe. Ukishakipanda, umewarithisha watoto wako.

Kwa nguvu zake mwenyewe mnyoo huyu hafiki mbali. Anayemvusha kutoka shamba hadi shamba, hata kaunti hadi kaunti, ni sisi, kwa mbegu yenye udongo. Na msiniambie mnaviosha. Kifuko hujibanza kwenye macho ya kiazi, na maji ya kuoshea mnayamwaga shambani humo humo!

Kosa hilo huzaa lingine. Shamba linaanza kuonyesha mabaka ya mimea mifupi yenye majani ya njano, mkulima anasema udongo umechoka, anaongeza mbolea ya DAP. Mizizi iliyoshambuliwa haiwezi kunyonya mbolea hiyo, kwa hiyo hasara inakuwa mara mbili.

Najua ekari moja inataka takriban magunia 16 ya kilo 50 ya mbegu iliyothibitishwa, na si kila mtu anayamudu. Basi nunua gunia moja tu lenye lebo ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea. Kiazi cha mbegu cha gramu 50 maana yake gunia lina viazi kama 1,000. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, unahitaji mita 15 kwa 15, ambapo kwa miaka mingi hapajaota viazi, nyanya wala mbilingani. Pima kwa kamba, usikadirie kwa hatua. Gunia hilo likizaa mara 8 tu, msimu ujao una mbegu yako ya nusu ekari. Lakini jembe na gambuti zilizotoka kwenye shamba la zamani zioshwe kabla hazijakanyaga hapo, na mbegu usiitie kwenye magunia yaliyokwisha kutumika.

Shamba lililokwisha kuambukizwa lipumzishwe viazi. Panda mahindi, maharagwe, kabichi, karoti au minji. Ulaya, ambako tatizo hili ni la zamani, mapumziko ya miaka 6 au 7 ni ushauri wa kawaida. Msimu mmoja wa maharagwe halafu unarudisha Shangi, aina ya viazi isiyostahimili minyoo hii, hujapumzisha chochote. Na hapa ndipo wengi huharibu kabisa: wanaacha maotea, yaani viazi vilivyojiotea vyenyewe, katikati ya mahindi kwa kuwa “yatatupa mboga.” Kila otea ni kiwanda cha vifuko. Ling'oe pamoja na mizizi kila baada ya wiki 3 au 4. Likipita siku 40, majike ya minyoo yameshakomaa na umechelewa.

Ukitaka kujua hali ya shamba lako, kagua wiki ya 7 au ya 8 baada ya kupanda, wakati wa maua. Usivute mmea, vifuko vitabaki ardhini na utasema shamba ni safi. Chimba kwa jembe uma, inua bonge zima, pukuta udongo taratibu, kisha tazama mizizi juani. Vishanga vyeupe, vya njano au kahawia vilivyoshikilia nje ya mzizi ndivyo hivyo. Mzizi wenyewe ukiwa umevimba, hiyo ni minyoo fundo, ambayo ni shida tofauti.

Watafiti wa taasisi za utafiti za icipe na IITA, na wa chuo kikuu cha North Carolina State wamejaribu hapa Kenya kufunga kiazi cha mbegu kwa karatasi ya nyuzi za mgomba iliyotiwa kidogo sana abamectin, dawa ya kuua minyoo, na mavuno yakapanda. Ni kazi nzuri mno, ila haigeuzi mbegu chafu kuwa safi.

Turudi kwenye ukaguzi: mizizi ikiwa myeupe bila vishanga, vizuri. Hata hivyo, baada ya kuvuna tembea shamba zima kwa mstari wa zigizaga, chota udongo wa kina cha sentimita 15 hadi 20 mahali 50 au zaidi, changanya, anika kivulini, na upeleke nusu kilo kwa afisa kilimo wa wadi apange upimaji wa maabara kabla hujanunua mbegu ya msimu ujao.