Kizingiti cha gari kimeoza: mashine ipi ya kuchomelea inafaa kazi ya nyumbani

Gari lililokaa miaka Tanga, Dar es Salaam au Mombasa huanza kuliwa kutokea chini: kizingiti cha chini ya milango, sakafu ya miguuni kwa dereva, matao ya magurudumu ya nyuma. Matope yenye chumvi hujazana humo ndani na hayakauki. Mwenye gari anaazima mashine ya jirani, ile ya mageti na grili za madirisha, na katundu ka ukubwa wa sarafu kanageuka shimo la kupitisha ngumi. Mara nyingi mkono wake hauna kosa. Mashine ndiyo haikufaa kazi.

Hatua ya 1: Pima bati

Chokoa kwa bisibisi, kisha kata mpaka ufikie chuma kizima kinachong'aa. Bati la nje la gari ndogo lina unene wa takriban milimita 0.7 hadi 0.9, tabaka za ndani ya kizingiti hufika 1.2 na zaidi. Kiraka kiwe na unene ule ule. Bati la kuezekea halifai: ni jembamba mno, na zinki yake ikiungua hutoa moshi unaoleta homa. Nguzo ya katikati ya milango kwenye magari ya karibuni usiiguse nyumbani. Nyingi zina chuma kilichokazwa kiwandani, na moto hukilegeza.

Hatua ya 2: Chagua mashine

Mashine ya rodi: hapana. Rodi ya milimita 2.5 inataka kama ampea 60 na kuendelea ili moto utulie, na bati la 0.8 linakuwa limeshayeyuka. Ibaki kwenye mageti na chesi za malori.

Gesi ya oksijeni na asetilini inaunga vizuri, na mafundi wengi wa bodi wameitumia kwa ufundi wa hali ya juu. Tatizo ni joto kutambaa mbali: bati pana la mlango hukunjamana, na kulinyoosha ni kazi kubwa kuliko kuchomelea. Tena mtungi wa asetilini haulazwi, na haukai karibu na jiko. Ukikuta mahali palipoungwa kwa shaba nyeupe au ya njano, kata pote kabla ya kupitisha MIG (mashine inayosukuma waya wa kuchomelea kupitia tochi ya mkononi), la sivyo mshono utapasuka.

TIG (moto hutoka kwenye ncha ya tungsteni, na waya hulishwa kwa mkono wa pili) hutoa mshono laini unaokubali nyundo, lakini inadai chuma safi pande zote mbili na mikono yote miwili. Ukiwa umelala chali chini ya gari lenye kutu, hutaiweza.

Inayobaki ni MIG yenye gesi, na ndiyo ninayoisimamia. Ile ya waya wenye dawa ndani, isiyotaka gesi, inatumika kukiwa na upepo, ila moto wake ni mkali zaidi kwa bati jembamba. Ukiitumia, geuza nyaya ndani ya mashine ili tochi iwe kwenye hasi. Kwa waya wa kawaida na gesi, tochi iwe kwenye chanya. Wengi hawageuzi, kisha wanalaumu mashine.

Hatua ya 3: Andaa

Mashine ishuke hadi ampea 30. Waya wa milimita 0.6. Gesi ya agoni iliyochanganywa na kabonidayoksaidi, lita 8 hadi 10 kwa dakika, feni izimwe. Chomoa betri. Toa zulia, sponji na mikanda. Kama tangi la mafuta au bomba lake liko karibu, lishushwe. Mtu mwingine akae upande wa ndani na ndoo ya maji, maana lami ya sakafuni huwaka bila wewe kuona.

Hatua ya 4: Kuchomelea bila kutoboa

Hapa ndipo siku nzima hupotea, kwa hiyo usiruke kitu.

Anza na athi, yaani klipu ya waya wa kurudisha umeme kwenye mashine. Ibane juu ya chuma kitupu kilichosuguliwa, sentimita chache kutoka unapochomelea. Athi iliyobanwa juu ya rangi hufanya moto ukatike-katike. Unaongeza ampea ukidhani ni hafifu, mara moto unashika sawasawa na bati linatoboka. Waya mrefu mwembamba wa soketi ya nyumbani huleta balaa hilo hilo, kwa sababu umeme hupungua njiani. Tumia wa milimita za mraba 2.5, na uukunjue wote.

Ya pili ni mwanya. Kiraka kinachokutana na bati ncha kwa ncha kiachiwe nafasi isiyozidi unene wa bati. Ukiona mwanga mpana, kata kiraka kingine.

Kisha usivute mstari kamwe. Piga nukta ya takriban sekunde moja, acha wekundu uzime, ruka upande wa pili wa kiraka, piga nyingine. Zikishakaa kila sentimita 3, rudi ujaze katikati ya nafasi, ukiruka-ruka vile vile, mpaka zikutane. Usipoze kwa maji. Pakitoboka, bana kipande cha shaba nyekundu nene kwa nyuma, punguza moto, jaza ukianzia ukingoni. Shaba hiyo haishikani na chuma na inanyonya joto.

Nukta nzuri huonekana kwa nyuma: uvimbe mdogo uliopenya, wenye duara la buluu pembeni. Kama nyuma pako kavu na juu kumekaa kipele, chuma hakikuungana. Grainda itakiondoa kipele chote.

Mahali kiwanda kilipounga kwa spoti (nukta za kubana mabati mawili kwa umeme), toboa bati la juu tundu la milimita 6, libane barabara juu ya la chini, anza moto katikati kwenye bati la chini, zungusha kuelekea nje. Jaribu kwanza kwenye mabaki ya unene ule ule, kisha yararue kwa koleo. Bati la chini litoboke, na kidonge kibaki kwenye bati la juu. Likiachia safi, ongeza moto.

Hatua ya 5: Kinga

Saga, paka praima, ziba mishono kwa gundi ya bodi. Ndani ya kizingiti nyunyiza nta ya kuzuia kutu, si oili chafu: huchuruzika, hulainisha mipira na kukataza rangi kushika. Kabla ya kushusha gari, pitisha waya kwenye matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya kizingiti, uhakikishe gundi na nta havikuyaziba.