Jinsi ya kuipima hoja inayozihusisha itikadi za siasa na Ugnosi

Anayesoma falsafa ya siasa ya karne ya 20 hukutana na dai la kushangaza: kwamba ukomunisti, Unazi na itikadi nyingine za kisasa ni sura mpya ya Ugnosi, imani zilizostawi katika Dola la Roma katika karne ya 2. Dai hili lisikubaliwe wala kukataliwa kabla ya kupimwa.

Anza na Wagnosi wenyewe. Kwa karne nyingi walijulikana hasa kupitia wapinzani wao, kama askofu Ireneo wa Lyon aliyewaandikia kitabu cha kuwapinga karibu na mwaka 180, mpaka maandiko yao ya Kikopti, lugha ya kale ya Misri, yalipopatikana karibu na Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945. Madhehebu yao yalitofautiana, lakini mengi yalifundisha kwamba ulimwengu huu uliumbwa na nguvu ya chini isiyo Mungu wa kweli, kwamba ndani ya mtu imefungwa cheche ya kimungu, na kwamba wokovu huja kwa maarifa yanayomfunulia mtu asili yake.

Kisha jiulize mwandishi anataka kueleza nini. Eric Voegelin, mwanafalsafa wa siasa aliyeieneza hoja hii kuliko wengine, aliikimbia Vienna mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa Austria, na swali lake halikuwa la historia ya dini peke yake. Alitaka kueleza jinsi vuguvugu la kisiasa linavyoweza kudai kwamba linaijua hatima ya historia bila shaka yoyote, jambo ambalo hali ya uchumi au uchu wa madaraka havitoshi kulieleza. Katika mihadhara aliyoitoa Chicago mwaka 1951, na katika maandishi yaliyofuata, alijibu kwamba itikadi hizi hufanya kazi ya dini ya wokovu: humwambia mtu kwamba uovu unatokana na mpangilio mbaya wa ulimwengu, kwamba njia ya kuubadilisha imekwisha kujulikana, na kwamba walioijua wana haki ya kuwaongoza wengine. Hapa ndipo penye nguvu ya hoja yake, na nadhani wanaoidharau huwa hawajafika hapa.

Uangalifu mkubwa unahitajika katika hatua inayofuata, ya kuunganisha zama hizi mbili. Mgnosi wa kale alitamani kuutoroka ulimwengu. Mwanamapinduzi anataka kubaki humu na kuujenga upya. Ili kuliziba pengo hilo, Voegelin alimtumia Yoakimu wa Fiore, abati wa Italia aliyefariki mwaka 1202, aliyeigawa historia katika enzi ya Baba, ya Mwana na ya Roho Mtakatifu, hivyo kuuingiza ukamilifu ndani ya historia yenyewe. Lakini Yoakimu hakuwa Mgnosi, na tumaini lake lina undugu wa karibu zaidi na mafunuo ya siku za mwisho. Kufanana kumeonyeshwa; kurithishana hakujathibitishwa. Voegelin mwenyewe baadaye alikiri kwamba Ugnosi peke yake hautoshi.

Linganisha pia na wengine. Mwanafalsafa Hans Jonas alivutiwa na hisia ya Mgnosi ya kuwa mgeni ulimwenguni, akaifananisha na ukanaji wa maana katika falsafa ya kisasa. Mwanafalsafa Mjerumani Hans Blumenberg, mwaka 1966, aligeuza hoja juu chini: kwake zama za kisasa ndizo zilizoushinda Ugnosi.

Mwisho, pima upana wa neno kwa mifano. Orodha ya Voegelin ina ukomunisti, ufashisti na Unazi, lakini pia falsafa ya Auguste Comte, iliyotegemea maarifa ya kisayansi peke yake, na uchambuzi wa nafsi. Ukomunisti unavitimiza vigezo vyake kwa urahisi, kwa kuwa una chama kinachodai kuijua sheria ya historia. Uchambuzi wa nafsi ulioasisiwa na Sigmund Freud haukuahidi ulimwengu uliokombolewa, na kuuweka katika kundi hilo hilo kunahitaji ushahidi ambao msomaji ana haki ya kuudai.