Jinsi ninavyowafundisha vijana wa kipaimara kuhusu waandishi wa Kiyahudi

Vijana wangu hufika darasani wakimjua mwandishi kama adui wa Yesu, basi. "Ole wenu, waandishi na Mafarisayo" wameisikia tangu utotoni. Ndiyo maana sianzi na Injili, naanza na kalamu.

Andaa wino nyumbani: masizi, gundi ya mgunga na maji kidogo. Wino wa waandishi wa kale ulikuwa wa namna hiyo hiyo. Chonga vijiti vya tete viwe kalamu. Darasani, kila mmoja akwaruze mistari kwenye karatasi tupu kwa rula na msumari butu, kama walivyofanya kwenye ngozi, kisha anakili Isaya 40:6-8. Herufi zining'inie chini ya mstari, ndivyo walivyoandika Kiebrania. Asiandike kwa kukumbuka. Marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, walikataza kuandika hata herufi moja bila kutazama nakala.

Wakimaliza, wabadilishane karatasi na kuhesabu maneno. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inasema waandishi wa kwanza waliitwa soferim (neno la Kiebrania linaloweza kumaanisha waandishi au wahesabuji) kwa sababu walikuwa wakihesabu herufi zote za Torati.

Kifungu hicho nimekichagua makusudi. "Majani yakauka, ua lanyauka" imo mara mbili, na karibu kila mwaka kuna kijana ambaye jicho lake huruka kutoka ya kwanza hadi ya pili. Usimkemee. Mwonyeshe picha ya gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947: vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, urefu zaidi ya mita 7. Aliyelinakili aliruka mahali pale pale! Baadaye mkono mwingine ukaongeza maneno yaliyosahaulika juu ya mstari, yakateremka hadi pembeni. Mimi picha hiyo hunigusa kila ninapoitazama, kwa sababu naona mtu aliyechoka, na mwenzake aliyemsaidia.

Kisha chora ubaoni herufi mbili za Kiebrania, dalethi na reshi. Tofauti yao ni kona ndogo tu. Katika Kumbukumbu la Torati 6:4, panaposema Bwana ni mmoja, ukiizungusha kona ya dalethi, "mmoja" inakuwa "mwingine", na ungamo zima la Israeli linaharibika.

Wasidhani kazi iliishia kwenye kunakili. Someni Nehemia 8: Ezra mwandishi anasoma Torati mbele ya Lango la Maji, tangu mapambazuko hadi adhuhuri, na Walawi wanawafafanulia watu. Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia, nitamgusia tu: mfalme Yehoyakimu alilichoma gombo lake, na Baruku akaliandika upya.

Zile "ole" ziache hadi wiki inayofuata. Leo fungueni Marko 12:28-34, vidole vikiwa bado na wino, na yule aliyeruka mstari asome kwa sauti Yesu anavyomwambia mwandishi: "Wewe hu mbali na ufalme wa Mungu."