Kupima joto la mtaa kabla ya kulipoza

Jiji kubwa halina joto moja. Usiku uleule, mtaa wa lami na zege unaweza kuizidi bustani jirani kwa nyuzi kadhaa za Selsiasi, na kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege hakitakuonyesha hilo.

Tafuta vipimajoto vinavyojirekodi vyenyewe, visivyokosea zaidi ya nusu nyuzi. Kabla ya kuvitawanya, viweke pamoja wiki nzima uone kila kimoja kinavyopishana na wenzake. Wengi huiruka hatua hii, halafu hitilafu ya vyombo wakaidhania tofauti ya mitaa. Kisha funga kila kimoja mita 2 kutoka ardhini, ndani ya kikinga jua cheupe kinachopitisha hewa, kirekodi kila baada ya dakika 10. Kikae mbali na ukuta na kiyoyozi: ukuta hutema joto usiku kucha, nawe utakuwa unaupima huo. Kimoja kiwe nje ya jiji, penye nyasi, kwenye mwinuko uleule. Kila mita 100 za kupanda hupunguza takriban nyuzi 0.65.

Linganisha kati ya saa 2 na 3 tangu jua kuchwa, usiku usio na upepo wala mawingu. Mchana tofauti hujificha. Picha za setilaiti ya Landsat 8 zitakusaidia kuchagua mitaa, ila huonyesha joto la mapaa na barabara, si la hewa, tena hupigwa mnamo saa nne asubuhi.

Anza na mapaa. Paa jeusi huakisi chini ya asilimia 20 ya miale ya jua. Lililopakwa rangi nyeupe ya kuakisi, likiwa jipya, hufika karibu 80. Lioshe na likauke kabisa kabla ya kupaka, la sivyo rangi itabanduka. Vumbi nalo hula uakisi huo, kwa hiyo panga kulisafisha kila mwaka. Barabara nyeupe sizipendi sana: zenyewe hupoa, lakini miale humrudia mtembea kwa miguu.

Miti ipande magharibi mwa majengo, jua la alasiri linakotokea, na uimwagilie hadi mizizi ishike. Kwenye barabara nyembamba yenye magari mengi usiache matawi yakutane juu. Moshi utanasa chini yake.

Mtaa mmoja unaofanana na ule unaoupoza usiuguse. Pima yote miwili mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya kazi. Kama wako umepoa nyuzi 1 na ule mwingine 0.7, kazi yako ni ile 0.3.