Somo: Jinsi tunavyopanga mabadilishano ya nzi wa stilhedi hapa Bukavu

Wageni msishtuke: nzi ninaowasema hawatui kwenye mboga. Ni chambo bandia, manyoya na uzi vilivyofungwa juu ya ndoana. Ufundi huu nilijifunzia Nairobi, kwenye karakana iliyofunga nzi kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo, tukilipwa kwa dazeni. Kwa miaka minne nilifunga nzi wa samaki ambaye sijamwona mpaka leo. Stilhedi ni yule yule trauti wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, ila huyu hutoka mtoni akaenda kunenepea Bahari ya Pasifiki, kisha hurudi mtoni kutaga. Mito yake ni kama Skeena kule Kanada na Deschutes kule Oregon, Marekani. Salmoni wengi wa huko hutaga mara moja wakafa. Stilhedi wengine hurudi baharini na kuja tena.

Niliporudi nyumbani nikakuta watu wenye mikono mizuri ila kila mmoja anafanya kivyake. Ndipo tukaanza kubadilishana. Mtu akifunga nzi mmoja mzuri, huenda amebahatisha. Akifunga 12 wanaofanana kama mayai ya kuku mmoja, huyo amejua. Kwenye karakana tulikuwa na msimamizi wa kutupa jalalani nzi asiyefanana na wenzake. Hapa msimamizi ni yule ndugu atakayempokea nzi wako.

Hatua ya 1: Funga orodha mapema

Watu 12, basi. Kila mtu achague mtindo mmoja na kufunga nzi 12: 11 wa wenzake, mmoja wake. Mwisho wa yote kila mtu anaondoka na nzi 12 wa mitindo 12. Tulijaribu watu 18 mara moja, na wale nzi wa mwishomwisho walionekana kama wamefungwa na mtoto mwenye usingizi. Muda wetu ni wiki sita: moja ya kuchagua mtindo, nne za kufunga, moja ya kukusanya.

Hatua ya 2: Mtindo na sampuli

Mtindo usijirudie. Anayeanza nampa Green Butt Skunk, kwa sababu kila kosa linaonekana: mkia mwekundu, tako la kijani linalong'aa, mwili mweusi wa uzi wa manyoyamanyoya, utepe wa fedha unaouzunguka, manyoya meusi shingoni, bawa jeupe juu. Bawa likizidi mkia, nzi anaonekana amevaa kanzu ya baba yake. Aliyekwisha kuzoea achukue Egg Sucking Leech, ruba mweusi au wa zambarau mwenye kichwa cha rangi ya waridi, kana kwamba amebeba yai la samaki mdomoni. Wazee wa kazi waachiwe Intruder. Huyo hafungwi juu ya ndoana yenyewe bali juu ya kijiti cha chuma, na ndoana inafuata nyuma kwenye kitanzi. Manyoya marefu yanakaa sehemu mbili tu, mbele na nyuma, katikati karibu patupu. Kwa hiyo majini anaonekana mkubwa, lakini ukimwinua maji yanamtoka na anakuwa mwepesi kurusha.

Kabla ya kufunga 12, funga mmoja, uniletee. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa kila kitu. Kosa nililoliona zaidi kwenye sampuli ni kichwa kubanana: mtu anaanza vizuri, akifika mbele hana nafasi tena, uzi unaziba tundu la ndoana. Mvuvi wa mbali ataamka alfajiri kwenye baridi kali, vidole vimekufa ganzi, halafu ashindwe kupitisha mshipi tunduni kwa ajili yako.

Hatua ya 3: Vifaa

Hapa Bukavu sisi si maskini wa manyoya. Kadutu sokoni wanaochinja kuku wanakupa shingo ya jogoo karibu bure. Kanga mwenye madoa ndiye kola bora ya Intruder. Kwa bawa jeupe tunatumia nywele za mbuzi. Ukanda wa ngozi ya sungura ndio mwili wa Leech. Manyoya laini ya dindoni, yaani bata mzinga, yanacheza hata kwenye maji ya polepole, na kuchezacheza ndiyo kazi yenyewe: kule wanarusha nzi kukatisha mto, wanaacha mkondo umzungushe taratibu hadi kando. Waya mwembamba wa shaba tunautoa kwenye mota zilizoungua.

Ila osha. Manyoya yote yapite kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, yakauke kivulini, yakae na naftalini kwenye sashe iliyofungwa. Kuna aliyeleta shingo ya jogoo yenye nondo. Baada ya mwezi masanduku matatu ya watu yalikuwa vumbi, na sanduku moja lilikuwa langu.

Manyoya ya kasuku wa kijivu na ya korongo mwenye taji hayaingii kwenye kikundi hiki, hata kama umeyaokota. Kasuku huyo aliwekwa kwenye Jedwali la I la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, kwa uamuzi wa 2016, maana yake biashara yake ya kimataifa imefungwa. Sitaki kueleza mpakani mkia mwekundu ulitoka wapi. Paka rangi ya jogoo.

Hatua ya 4: Kufunga na kukausha

Funga watatu watatu kwa siku. Kata vifaa vya wote 12 kwanza, kwa urefu mmoja, kisha ndipo ukae. Kichwa kipakwe verni ya kucha ile isiyo na rangi, mara mbili, na tundu lizibuliwe kwa unyoya kabla haijakauka. Halafu subiri siku mbili. Mara yetu ya kwanza tulipakia usiku ule ule. Nikafungua kartoni nikakuta nzi wanane wamegandana kama ubwari wa jana.

Hatua ya 5: Lebo, kupakia, kugawa

Kipande cha karatasi ngumu kwenye ndoana: jina la mtindo, jina lako, namba ya ndoana. Nzi wachomwe kwenye sponji, si kumwagwa ndani ya kopo. Siku ya kugawa tunakutana Nyawera na kila mtu anazunguka meza na sanduku lake.

Maswali ya wanachama

Kutoka Bagira: Yaya, mimi sina jiliwa. Nitashikia ndoana wapi?
Ile tunayoiita eto ni ghali, najua. Chukua pensi, yaani koleo, ya kujibana, ile ya mafundi wa pikipiki, uifunge kwenye ukingo wa meza kwa kamba ya raba. Nilifanyia hivyo mwaka mzima.

Kutoka Nguba: Na mtu akichelewa? Mwaka jana mama mmoja alikuwa na mgonjwa.
Mama mwenye mgonjwa tunamsubiri wiki moja. Asiye na sababu tunagawa bila yeye, na hapati kitu. Hatukopeshani nzi.

Kutoka Goma: Nikituma kwa mashua, nani analipa kurudisha?
Wewe, ndugu yangu. Tuma pesa ya kurudisha kwa M-Pesa siku ile ile unayotuma mzigo. Nani alipie kwa niaba yako?

Kutoka Kadutu: Papa, nzi hawa watashika samaki wa kwetu?
Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wanavuliwa usiku kwa taa na wavu, hawana habari na wewe. Tilapia naye anapenda zaidi vya majani. Lakini kwa Leech mweusi nimewahi kumpata kambare jioni kwenye mdomo wa mto, na alinivuta kweli.

Kutoka Panzi: Ndoana za sokoni zimepinda ubavu na zina kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Nizitumie?
Ndiyo, ila zinyooshe kwanza kwa pensi, la sivyo nzi ataogelea kiubavu. Kijino ukibane kabisa, na ukibane kabla ya kufunga, maana ndoana ikivunjika utapoteza ndoana tu, si nusu saa ya kazi. Kwenye mito ya British Columbia, jimbo la Kanada, sheria inadai ndoana zisizo na kijino, na nzi wa stilhedi afungwe kama wa kwenda huko. Ukitaka kuhakikisha, pitisha pamba juu yake. Ikinasa, hujabana.