Kuingiza sauti ya tepu rekoda au mikisa kwenye tundu moja la kompyuta mpakato

Wengi wanaoniletea kanda za kwaya hapa Birere, mtaa wa mji wa Goma, nyingine zikiwa zile zilizookolewa majumbani siku lava ya volkano ya Nyiragongo ilipoingia mjini mnamo Januari 2002, huwa wamekwisha kujaribu kuzihamisha wenyewe wakashindwa. Walichukua waya wenye pini za milimita 3.5 pande zote mbili, wakachomeka upande mmoja kwenye tepu rekoda na wa pili kwenye tundu pekee la kompyuta, wakacheza kanda, na kompyuta isinase chochote. Tepu ilikuwa nzima na waya ulikuwa mzima. Pini ndiyo haikuwa yake.

Hatua ya 1: Tazama pini na tundu. Tundu la kompyuta za sasa lina migusano minne. Katika mpangilio uitwao CTIA, ncha hupeleka sauti ya kushoto, pete ya kwanza sauti ya kulia, pete ya pili ni ardhi (njia ya pamoja ambako umeme wa sauti hurudi), na shina ndilo linalopokea kipaza sauti. Pini ya kawaida ina mikanda myeusi miwili tu na shina refu, nalo hugusa ardhi na kipaza sauti kwa pamoja, kwa hiyo njia ya kuingizia sauti hufungwa kabisa. Tena ncha na pete yake hukutana na njia za kutolea sauti za kompyuta, vyombo viwili vikabaki vinasukumana. Kabla ya kuchomeka, toa vumbi tunduni kwa kijiti kikavu cha mbao na pamba kidogo, maana vumbi letu jeusi la volkano linaingia kila mahali.

Hatua ya 2: Nunua kigawanyaji chenye pini ya mikanda myeusi mitatu na matundu mawili, moja likiwa na alama ya vipokea sauti vya masikioni na jingine alama ya kipaza sauti. Usichanganye na kile cha watu wawili kusikiliza muziki pamoja, ambacho pini yake ina mikanda miwili.

Hatua ya 3: Punguza nguvu ya sauti. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Njia ya kutolea sauti ya tepu, yaani yale matundu mekundu na meupe ya nyuma, hutoa kama volti 0.3, ilhali tundu la kipaza sauti linatarajia milivolti chache tu, tena lenyewe hutoa volti mbili hivi za kulisha kipaza sauti. Ukiunganisha moja kwa moja utapata sauti iliyopasuka, hata ukishusha kila kitu kwenye programu.

Mimi hulehemu kipunguzaji kidogo. Waya wa kushoto unapita kwenye rezista ya kilo-omu 10, wa kulia kwenye nyingine kama hiyo, kisha zinakutana mahali pamoja. Kutoka hapo rezista ya omu 100 inashuka ardhini, na kapasita ya maikrofaradi 10 inaelekea kwenye ncha ya pini itakayoingia upande wa kipaza sauti, chanya yake ikitazama kompyuta, ili zile volti mbili zisirudi kwenye tepu. Mwisho, weka rezista ya kilo-omu 2.2 kati ya ncha hiyo na ardhi. Bila hiyo kompyuta nyingi hudhani hakuna kipaza sauti kilichochomekwa. Volti 0.3 zitabaki milivolti 3 hadi 6. Kwa mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, tumia njia ya kutolea sauti ya kurekodia, na kamwe usiguse njia ya spika ya amplifaya, kwani volti zake zinaweza kuua kompyuta.

Hatua ya 4: Chomoa chaja. Mlio mzito usiokwisha mara nyingi hutokana na ardhi ya chaja kukutana na ardhi ya mikisa kupitia waya wa sauti, nao hutoweka kompyuta ikitumia betri. Kwa hiyo chaji usiku, umeme ukiwapo.

Hatua ya 5: Rekodi. Katika mipangilio ya sauti chagua kipaza sauti cha nje, weka nyongeza yake (boost) kwenye sifuri, na uzime kazi ya kuondoa kelele, kwa sababu huidhania sauti ndefu ya kwaya kuwa kelele na kuikata. Katika Audacity, programu ya kurekodia sauti, chagua njia moja (mono), herzi 44,100, biti 16. Cheza sehemu yenye sauti kubwa zaidi katika kanda, urekebishe mpaka vilele vya sauti visipite desibeli -6. Saa moja itachukua megabaiti 318 hivi.

Tundu hili litakupa njia moja tu, kushoto na kulia vikiwa vimeunganishwa. Anayetaka njia zote mbili anunue kadi ya sauti ya USB, ila aikague kwanza: zile ndogo zinazouzwa sokoni zenye tundu la waridi mara nyingi hupokea kipaza sauti tu, nazo zitahitaji kipunguzaji kile kile cha hatua ya tatu.